Safina ya Kentucky: nilikwenda na akina mama wa kanisani, nikamkuta mjusi wetu wa Lindi

Nianze na yale mnayoniuliza kila siku kwenye simu. Ndiyo, nimefika kwenye ile Safina ya Nuhu ya Williamstown, iliyojengwa kwa vipimo vya Biblia hapa hapa Kentucky, Marekani. Kutoka Lexington ni chini ya saa moja kwa barabara ya I-75 kama unakwenda Cincinnati, unachepuka penye namba 154. Tiketi ya mtu mzima ukijumlisha na kodi ilipita dola 60, maegesho yanalipiwa mbali, na mwaka tuliokwenda watoto wa miaka 10 kushuka chini waliingia bure. Gari unaliacha mbali, basi lao linakusogeza hadi kwenye chombo chenyewe. Vaeni raba. Mimi nilivaa ndala zangu za shanga nikajuta kabla ya kufika ghorofa ya pili.

Lakini najua swali lenu hasa si la raba. Mnataka kujua: ndiyo yenyewe? Ndivyo ilivyokuwa? Hapo itabidi mnivumilie.

Tulikuwa watu 14 kwenye gari la kukodi. Mimi ni Mkatoliki, lakini Jumapili jioni naenda kwenye kanisa la Wakongo kwa ajili ya nyimbo na kwa ajili ya Kiswahili, maana wiki nzima kazini sikisikii. Wengi wao ni wa Uvira na Fizi, wawili ni Warundi, na Mtanzania ni mimi peke yangu. Ilikuwa Julai, na kiyoyozi cha lile gari kilikata roho hata Lexington hatujaimaliza. Mama mmoja akatutuliza: "Ata Noa hakukuwa na ile kitu, mutulie." Tukatulia, tukafungua vioo.

Ukiiona mara ya kwanza unanyamaza. Hilo lazima niliseme kabla ya yote. Futi 510 kwa urefu, 85 kwa upana, 51 kwenda juu. Uwanja wa mpira na nusu, wa mbao, umetua juu ya kilima. Ilifunguliwa mwaka 2016, tarehe 7 Julai, yaani 7/7, kwa heshima ya Mwanzo 7:7, Nuhu anapoingia safinani. Sehemu kubwa ya useremala ilifanywa na Waamishi, wale Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, na kazi yao inaonekana: magogo mazima yamesimamishwa kama nguzo, viungo vimekaa kama vimezaliwa pamoja. Nimekulia Lindi, nimeona mafundi wa majahazi wakipanga mataruma na kupiga kalafati ufukweni. Nilishika ile nguzo ya kwanza nikasema moyoni, hawa watu wanajua mbao.

Fundi wa jahazi, hata hivyo, angezunguka nyuma kwanza. Nami nikazunguka. Upande wa nyuma safina imeshikana na majengo ya zege yenye lifti na vyoo. Haielei, wala hawakuijenga ielee. Ni jumba lenye sura ya chombo. Sisemi kwa kebehi. Vyoo ni safi, na mama yetu anayetumia kiti cha magurudumu alifika ghorofa zote tatu bila kubebwa mgongoni na mtu.

Wenye mradi ni Answers in Genesis, shirika linaloongozwa na Ken Ham, Mwaustralia. Wana jumba jingine la makumbusho kule Petersburg tangu mwaka 2007, lile ambalo mwaka 2014 Ken Ham alijadiliana na Bill Nye, yule mtu wa sayansi wa kwenye televisheni. Msimamo wao hawaufichi: siku sita za uumbaji ni siku sita za saa 24, dunia ina miaka kama 6,000, na gharika ilifunika dunia nzima miaka 4,300 na ushei iliyopita. Kuna chumba kizima cha vitabu na midoli ya watoto, safina zile za kitoto ambazo twiga katoa kichwa dirishani anacheka. Wanasema hizo ndizo zinazowafanya watu waone habari ya Nuhu ni hekaya ya kulalia. Mwanangu alikuwa nacho kitabu cha namna hiyo. Hapo nilikubaliana nao nusu, kwa sababu habari yenyewe ni ya watu kuzama, na sijui nani aliona inafaa kuchorwa kwenye foronya.

Sasa dhiraa.

Biblia yetu inasema urefu wa safina dhiraa mia tatu, upana hamsini, kwenda juu thelathini. Mmarekani akifika kwenye kipimo hicho anahitaji kibao cha maelezo, na kibao kipo. Mtu wa pwani hahitaji. Bibi alitusimulia jinsi kaniki ilivyonunuliwa kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na jinsi mwenye duka alivyokuwa akimwita kijana mwenye mkono mfupi aje apime. Bibi naye hakuwa mjinga, alikuwa anakwenda dukani na wifi yake, mwanamke mrefu kama mnazi. Bei ilikuwa ile ile. Ugomvi wote ulikuwa kwenye mkono.

Dhiraa ya kawaida huhesabiwa inchi 18. Kwa hesabu hiyo safina ni futi 450. Wao wamechukua dhiraa ndefu, ya inchi 20.4, ndiyo wakapata futi 510. Sababu zao wamezieleza, kwamba dhiraa ndefu ndiyo iliyotumika kwenye majengo makubwa ya kale, na si sababu mbaya. Ila hiyo sababu haimo kwenye Mwanzo. Mwanzo haisemi mkono wa nani. Kwa hiyo watu wanaosema wanasoma neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, walikuwa wameshafasiri kabla ya kukata gogo la kwanza. Wifi ya bibi au kijana wa dukani, ilibidi wachague, na wakachagua. Tangu hapo kila nilichokitazama mle ndani nilikitazama kwa jicho la bibi.

Mgahawa wao, kwa mfano, una jina la mke wa Nuhu, Emzara. Mtafuteni Emzara kwenye Mwanzo, hamtamwona. Jina linatoka kwenye Yubilei, kitabu cha kale cha Kiyahudi ambacho Waorthodoksi wa Ethiopia wanacho kwenye Biblia yao na sisi wengine hatuna. Wake za wana wa Nuhu wamepewa majina, nyuso, vipaji na vyumba vizuri vyenye mazulia. Kwa haki niseme kwamba vibao vyao vinakiri kuwa hapa na pale wametumia ubunifu. Napenda mtu anayekiri. Nashangaa tu mtu huyo huyo anapomgeukia jirani na kumwambia, wewe ndiye unayefasiri.

Ghorofa ya chini kuna matundu, giza kidogo, na sauti za dhoruba na wanyama zinatoka kwenye spika hadi mtoto wa Kirundi akamkumbatia mama yake mguu. Wanyama wa mle ni sanamu. Walio hai wako nje kwenye bustani. Wanasema safina ilibeba karibu wanyama 7,000, wa aina karibu 1,400, waliohudumiwa na watu wanane. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee. Zamu ikiwa nzuri nina wazee 10, wanaongea, na wengine wananihurumia. Nikifika nyumbani miguu haiko yangu. Wamebuni mitungi inayojiteremshia maji yenyewe na mifereji ya kuondolea kinyesi, na ubunifu wenyewe ni mzuri, nilipiga picha. Lakini aliyeuchora sidhani kama amewahi kubadilisha shuka saa tisa usiku.

Na ile hesabu ya 1,400 wameipataje? Hawahesabu kila mnyama tunayemjua leo. Wanahesabu "aina": jozi moja ya mbwa wa mwanzo inatosha, kisha baada ya gharika humo wakatoka mbwa mwitu, bweha, mbweha, na huyu wa jirani yangu anayebweka usiku kucha. Sasa jamani. Kutoka jozi moja hadi wote hao kwa miaka elfu nne na kitu ni mabadiliko ya kasi ambayo hakuna mwanabiolojia anayethubutu kuyasema. Wamelifukuza jambo la mabadiliko ya viumbe mlangoni, wakalipitisha dirishani likiwa linakimbia zaidi.

Nikaja kumkuta mjusi.

Yuko ndani ya tundu, dinosaria, na kibao kinaeleza kwamba Nuhu aliwabeba hao pia, wakiwa wadogo ili waenee. Akina mama wakapita. Mimi nikasimama. Kwetu Lindi huyu tunamwita mjusi, na si mnyama wa sinema. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza kwenye kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakachimba, kwa mikono ya mamia ya watu wetu, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lingepaswa kujulikana na kila mtoto wa shule Tanzania. Mifupa ikabebwa na wapagazi mwendo wa siku nne hadi bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mmoja wao amesimama Berlin mpaka leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na kila baada ya muda bungeni Dodoma mtu anauliza mjusi wetu anarudi lini. Bibi alikuwa na asili ya upande wa Mipingo, jirani na kilima hicho. Alisema wakubwa zake walibeba mawe yenye umbo la goti.

Kilichonikaa ni jinsi ile ardhi ilivyopangika. Tendaguru kuna tabaka tatu za mifupa ya mijusi, na kila moja imefunikwa na tabaka la mchanga wa bahari lenye makombe. Mijusi, bahari. Mijusi, bahari. Mijusi, bahari. Wataalamu wanasema ni kama miaka milioni 150 iliyopita. Hata ukikataa namba hiyo, hebu nihesabie mpangilio wenyewe. Gharika moja ya mwaka mmoja itakujaje mara tatu, na katikati iache nchi kavu hadi mijusi irudi kula majani na kufa kwa nafasi yake?

Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa anaelekeza wageni aliniona nimeganda akaniuliza natoka wapi. Nikamweleza Tendaguru kwa Kiingereza changu cha wodini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema gharika ilikuja kwa mawimbi. Nikasema mawimbi ya kuacha majani yaote? Akacheka, nami nikacheka, akaniombea baraka. Mtu mwema kabisa. Sikutoka pale na hasira.

Na hapa nikiri upande wangu. Sisi Wakatoliki tulifundishwa na padri wetu kwamba Mungu hakuandika kitabu cha jiografia, na wengi tumelichukua hilo kama ruhusa ya kutokusoma kabisa. Wale akina mama wanaijua Mwanzo kwa kichwa. Mimi dhiraa nilizikumbuka kwa sababu ya kaniki. Hata Mtakatifu Agustino, askofu Mwafrika wa Hippo, Algeria ya leo, alijisumbua miaka mingi na zile siku sita: jua limewekwa siku ya nne, je, zile tatu za mwanzo jioni na asubuhi zilipimwa kwa nini? Na alionya kwamba Mkristo akisema upuuzi kuhusu nyota na dunia mbele ya asiyeamini lakini anajua mambo hayo, Maandiko ndiyo yatakayochekwa. Hilo limesemwa kabla ya mwaka 430. Halikungoja darubini.

Pia kusoma neno kwa neno si kila mara kubaya. Yesu alikata roho saa tisa. Mzungu anaambiwa "saa ya tisa" anaanza kujiuliza ni usiku au asubuhi, sisi tunajua moja kwa moja ni alasiri, jua likiwa kali. Na kuna hili la Hamu, ambalo mzee wetu mmoja wa Fizi alilianzisha mbele ya sanamu za familia ya Nuhu. Alisema utotoni aliambiwa weusi wamelaaniwa kupitia Hamu. Nikamfungulia Mwanzo 9:25 kwenye simu. "Na alaaniwe Kanaani." Hamu hakulaaniwa, wala rangi ya mtu haikutajwa. Akasoma mara mbili, midomo ikitembea. Uongo uliotumika kuhalalisha utumwa, kisha nadharia ya Wahamiti, kwamba kabila hili ni uzao bora kuliko lile, iliyowagombanisha watu wa Maziwa Makuu mpaka damu, aya yenyewe haina. Hapo aliyesoma kama lilivyoandikwa ndiye aliyepona. Mzee akasema, "Miaka sabini bananibeba na ile maneno," akaenda kukaa.

Ghorofa ya pili kuna mlango wa safina, mkubwa, na msalaba wa mwanga umeangaziwa juu yake. Watu wanapanga foleni kupiga picha. Sisi tulipofika, mama mmoja hakutaka picha. Aliweka kiganja kwenye mbao akaanza kulia, si kwa sauti. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika usiku na watoto wawili na kaka yake, kwenye mtumbwi uliokuwa umeshajaa, na wengine wakabaki majini wanaita. Wakafika Kigoma, kisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, miaka 18. Aliniambia baadaye kwamba kila akisikia ile aya ya mlango wa safina, "Bwana akamfungia," anawaza wale waliobaki nje, na kwamba hakuna mhubiri aliyewahi kumweleza Nuhu alilala vipi usiku ule.

Nilikuwa na hoja zangu zote za makombe mfukoni. Hazikuwa na kazi pale. Na vile vibao vyote vya ukuta wa pili, vya uzito wa maji na pembe za mihimili, navyo havikuwa na kazi. Nilimshikia mkoba.

Nikirudi kwenye mambo ya wateja. Chakula ni cha kujipakulia, kingi, kuku ni mzuri, pilipili hakuna, bebeni yenu. Wahudumu wana adabu. Duka la zawadi lina kila kitu. Mvua ikinyesha msijali, ndani ni pakavu, ingawa mwaka 2019 wenyewe waliwashtaki wenye bima zao kwa sababu mvua kubwa ziliharibu barabara yao ya kuingilia. Dunia nzima ilicheka, safina imeshindwa na mvua! Mimi sikucheka. Nimeona barabara yetu ya Dar kwenda Lindi ilivyokatika kule Somanga, Mei 2024.

Nyota zangu: useremala tano bila ubishi. Huduma tano. Kama mahali pa kumfundishia mtoto umri wa dunia, moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya watoto watatu walioanza kuuliza maswali. Mkiwa na siku mbili, ya pili nendeni Big Bone Lick, haiko mbali, bustani ya jimbo penye mifupa ya tembo wa kale, ambako William Clark alichimba mwaka 1807 kwa ajili ya Rais Jefferson. Na njiani kwenye I-75 tazameni kuta za mawe barabara ilipokata vilima. Ni mawe ya chokaa yaliyopangana na udongo mgumu kama vitabu kwenye rafu, yamejaa makombe ya bahari ya miaka milioni 450. Kombe la Kentucky, katikati ya bara, na lina mistari kama chaza wetu wa Lindi.

Kurudi kiyoyozi bado kimekufa. Nina utepe wa kupimia kwenye mkoba, wa cherehani, sitoki bila huo. Nikamwambia mama mchungaji aunyoshe mkono. Gari zima likataka kupimwa. Mkono wangu ni inchi 16 na nusu, yaani safina yangu ni futi 412. Mzee wa Fizi 18 na nusu, akapata futi 462 na akaomba tupime tena. Kijana wa miaka tisa alipata inchi 13, safina yake futi 325, akalalamika kwamba twiga hawatatosha. Tukatafuta wa kufikisha inchi 20.4. Dereva, ambaye ndiye mrefu kuliko wote, alikataa kutoa mkono kwenye usukani hadi tufike Lexington. Tulipofika tukampima pale pale kwenye kituo cha mafuta: 19 na robo.

"Basi Noa alikuwa murefu," mama mchungaji akasema, akanirudishia utepe wangu.